BARAZA LA MJI SIKU ZA MARADHI



Maradhi makubwa yakiingia mjini, watu wote hutazama hospitali. Huhesabu vitanda, huuliza kama dawa imefika, na kila jioni husikiliza radio wapate kujua wangapi wameugua na wangapi wamekufa. Hayo ni haki yao. Lakini iko nyumba nyingine ambayo watu huisahau siku hizo, nayo ni nyumba ya baraza la mji. Humo ndani, juu ya meza, pana karatasi ya mambo ya mkutano: maji ya mtaa fulani, magari ya taka, ada za soko, mishahara ya wafagiaji, kiwanja cha makaburi, hati za kuwahamisha watu. Wakubwa huyaita mambo ya kawaida. Sisi twasema kwamba wakati wa maradhi, watu wengi huokolewa au hupotezwa na mambo hayo ya kawaida kabla hawajafika kwa daktari.

Tukisema baraza, twataka kueleweka. Twamaanisha wale waliochaguliwa na raia pamoja na maafisa wao, wawe wanaitwa Baraza la Mji kama zamani, au Kaunti kama ilivyo tangu mwaka 2013. Majina hubadilika. Taka haibadiliki, na anayeibeba ni yule yule.

Wengine watauliza kwa nini twayaleta mambo haya sasa, wakati barakoa zimekwisha tupwa na watu wanapeana mikono. Jibu letu ni fupi. Baada ya Korona, kipindupindu kilianza tena nchini mwezi wa Oktoba 2022, kikaendelea mwaka 2023, na Nairobi haikuachwa. Mwaka 2024 ikaja mpox. Maradhi yatarudi kwa jina moja au lingine, na mtu hatengenezi paa wakati mvua inanyesha.

KAZI ISIYOSIMAMA

Sheria ya Afya ya Umma, ambayo asili yake ni ya mwaka 1921, siku za ukoloni, iliweka juu ya mamlaka za miji wajibu wa kutunza usafi na kuzuia maradhi ya kuambukiza. Katiba ya mwaka 2010 ikaongeza, katika kifungu cha 43, haki ya kila mtu kupata afya, nyumba ya kufaa na maji safi ya kutosha. Kwa hiyo ufagio, bomba na choo cha soko ni mambo ya sheria. Hakuna mkubwa anayetutendea fadhili akiyatimiza.

Nani anayafanya? Ni mfagiaji aamkaye kabla ya alfajiri. Ni mtu wa mifereji ya maji machafu. Ni mlinzi wa makaburi, mpishi wa hospitali, karani wa soko, dereva wa ambulansi. Kafyu ya mwaka 2020 ilipoanza tarehe 27 Machi, watu waliamriwa wawe majumbani tangu saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Matatu ya abiria 14 ikaamriwa kubeba 8, na nauli ikapanda. Ofisini ilikuwa rahisi kusema kwamba kazi za lazima ziendelee. Lakini mtu wa kazi za lazima atokaye Dandora au Kayole, atafikaje kazini kabla ya jua, na nani atamlipia nauli iliyozidi? Kafyu ile ilidumu karibu miezi kumi na tisa, mpaka ilipoondolewa tarehe 20 Oktoba 2021. Miezi kumi na tisa si dharura ya wiki moja ambayo mtu aweza kuambiwa avumilie tu.

Mwenzetu mmoja wa gari la taka, katika mji ambao hatuutaji, alitueleza kwamba alipewa jozi moja ya glavu, akaambiwa aifue. Akaifua mpaka vidole vikatokeza. Siku moja akaenda ofisini kuomba jozi nyingine, akakuta mlangoni chupa ya dawa ya kunawa mikono, na kibao kilichosema dawa hiyo ni ya wageni. Akamwuliza karani, "Ndugu yangu, je, sisi ni wenyeji wa maradhi?" Karani akacheka, kisha akanyamaza, kwa maana yeye naye hakuwa na funguo za stoo. Funguo zilikuwa kwa mkubwa, na mkubwa alikuwa anafanya kazi kutoka nyumbani.

Hatumlaumu karani. Twasema kwamba jozi ya glavu ni jambo la kawaida la baraza. Inaandikwa katika bajeti, inapigiwa kura, inanunuliwa, inagawiwa. Ikikosekana mkononi mwa mfanya kazi, kuna mahali katika safari hiyo ilipopotea, na mahali hapo panaweza kujulikana kama vitabu vya mkutano viko wazi.

MOTO WA MWAKA 1902

Mji wa Nairobi ulianza kuwa kambi ya reli mwaka 1899. Mwaka 1902 tauni iliingia katika Bazaar ya Wahindi. Mahali pale palikuwa pamejaa watu, maji machafu yalisimama, na panya walikuwa wengi. Wakubwa wa siku hizo waliamua jambo moja la haraka: Bazaar ikachomwa moto. Tauni ikarudi tena katika miaka iliyofuata, kwa sababu mifereji haikujengwa na mabanda ya watu wa chini yalikuwa yale yale. Mwaka 1913 akaletwa Profesa W. J. Simpson kuangalia afya ya miji, na katika mashauri yake alitaka mataifa yakae mbali mbali, Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao, na sababu iliyotajwa ilikuwa ni afya.

Tazameni jinsi jambo lilivyokwenda. Maji na mifereji ilichelewa. Mipaka ya rangi haikuchelewa. Dharura iliwapa wakubwa nafasi ya kufanya upesi jambo walilokuwa wanalitamani tangu mwanzo, na deni lao kwa wakaaji wa mji likangoja. Twaomba kila mwanachama alikumbuke jambo hili, kwa maana ndiyo mizani yetu. Wakati wowote wa maradhi, tuulize maswali mawili: baraza linafanya nini kwa haraka, na linachelewesha nini?

MWAKA 2020

Tuutie mwaka 2020 katika mizani hiyo.

Mgonjwa wa kwanza wa Korona alitangazwa tarehe 13 Machi. Tarehe hiyo ilikuja wakati mbaya kwa mabaraza yote ya nchi. Kwa sheria ya fedha za umma ya mwaka 2012, makadirio ya bajeti ya kaunti hupelekwa mbele ya bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, na hupitishwa kabla ya 30 Juni, kwa sababu mwaka wa fedha huanza Julai 1. Maana yake ni kwamba miezi ile ile ambayo watu walikatazwa kukusanyika, ndiyo miezi ambayo fedha zao hugawanywa. Mtu wa Mathare au Mukuru ambaye miaka mingine angeweza kwenda kwenye ukumbi wa wadi aseme, "Sisi hatuna maji," mwaka ule aliambiwa akae nyumbani, anawe mikono kwa maji yale yale ambayo hakuwa nayo.

Nairobi palikuwa na jambo jingine. Tarehe 25 Februari 2020, kabla ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa, gavana alitia sahihi mkataba wa kuikabidhi serikali kuu kazi nne za kaunti: afya, uchukuzi, mipango ya mji, na ujenzi pamoja na huduma za umma. Likaundwa shirika lililojulikana kwa herufi NMS, chini ya Meja Jenerali Mohamed Badi, na maelfu ya wafanya kazi wa kaunti wakahamishiwa huko. Muda si muda ukazuka ugomvi. Gavana alikataa kutia sahihi mswada wa matumizi ya fedha, kwa sababu ya fedha zilizotengewa shirika hilo. Hivyo mji mkuu wa nchi, katikati ya maradhi, ukawa na wakubwa wawili wanaogombea mfuko mmoja.

Tutasema kweli yote. NMS walichimba visima mitaani ambako watu walikuwa wamenunua maji kwa mtungi miaka mingi, na wakajenga hospitali katika mitaa ya watu wa kipato cha chini. Mambo hayo ni mema na yalionekana kwa macho. Lakini mfanya kazi anapaswa kumjua mwajiri wake. Akidai glavu aambiwe nani atajibu. Akiugua kazini ajue ni nani atakayemlipia. Ndovu wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi, na mwaka ule nyasi ilikuwa imevaa ovaroli. NMS ilimaliza kazi mwaka 2022, na kazi zikarudi kwa kaunti. Somo halikwisha. Kubadilisha mwajiri wa watu wakati wa maradhi, bila kuandika wazi nani analipa na nani anajibu, ni hatari kama kubadilisha dereva gari likiwa kwenye mteremko.

Waganga nao walionyesha jambo hilo. Tangu mwaka 2013 wengi wao ni watumishi wa kaunti. Mwezi wa Desemba 2020 wauguzi na maafisa wa kliniki waligoma tangu tarehe 7, na madaktari wakafuata tarehe 21. Madai yao hayakuwa ya anasa. Walitaka vyombo vya kujikinga, bima, na watu wa kutosha kazini. Gazeti liliandika "mgomo wakati wa maradhi" kana kwamba wao ndio walioleta maradhi. Sisi twauliza: tangu Machi hadi Desemba ni miezi tisa. Katika miezi tisa, jambo la glavu na bima liliwekwa mbele ya mikutano mingapi, na liliahirishwa mara ngapi?

TINGATINGA HALIKUAHIRISHWA

Twafika mahali ambapo mizani inainama kabisa.

Tarehe 4 Mei 2020, alfajiri, matingatinga yaliingia Kariobangi, kwenye mtaa ulio karibu na mitambo ya maji machafu. Ilisemwa kwamba ardhi ni ya shirika la maji la mji. Wakaaji walisema wana karatasi, na agizo la mahakama la kuzuia ubomoaji lilikuwa limekwisha tolewa. Nyumba zilibomolewa. Maelfu ya watu walilala nje katika mvua za masika, Waislamu miongoni mwao wakiwa katika mwezi wa Ramadhani, na wote wakiwa chini ya kafyu iliyowaamuru wawe ndani ya nyumba. Mji ulikuwa umefungwa tangu tarehe 6 Aprili, hata mtu hakuweza kwenda kwa ndugu zake mashambani. Alikatazwa kukaa nje, akanyimwa ndani, na njia ya kwenda kwao ikafungwa. Wataalamu wa haki za watu wa Umoja wa Mataifa walilaani jambo hilo mwezi ule ule.

Hatuingii hapa katika hesabu ya nani ana hati ya kweli, kwa maana hiyo ni kazi ya mahakama. Twasema juu ya mwendo wa shughuli. Ubomoaji ni jambo la kawaida la ofisi: pana faili, pana barua, pana ramani, pana afisa wa kutia sahihi. Mikutano ya kuwasikiliza raia ilikuwa imesimamishwa kwa ajili ya afya, lakini faili ya ubomoaji iliendelea kutembea kutoka meza moja hadi nyingine mpaka ikafika kwa dereva wa tingatinga. Jambo lililohitaji sauti ya wananchi likangoja. Jambo lililohitaji mafuta ya dizeli halikungoja.

Wachuuzi pia wanajua. Uingizaji wa mitumba ulisimamishwa tangu mwanzo wa Aprili hadi Agosti mwaka ule, na maelfu ya watu wa Gikomba walikaa bila kazi. Hata kama sababu ilikuwa ya afya, je, laisensi ya mwaka ilipunguzwa kwa miezi ambayo mtu hakuuza? Askari wa kanju aliambiwa awaache akina mama wenye mboga kando ya njia, au aliendelea na kazi yake kama kawaida? Kila mwanachama ana jibu lake kutoka mtaa wake. Twataka majibu hayo yaandikwe kabla ya maradhi mengine, si baada yake.

HABARI ZA HAMBURG

Msifikiri kwamba mambo haya ni ya kwetu tu. Katika Ujerumani uko mji wa bandari uitwao Hamburg, mji wa matajiri wa meli. Mwaka 1892, mwezi wa Agosti, kipindupindu kiliingia. Waliotawala mji ule walikuwa wafanya biashara na wenye majumba, na wafanya kazi wengi hawakuwa na kura ya baraza. Madaktari waliona wagonjwa wa kwanza katikati ya mwezi, lakini wakubwa walisitasita kutangaza kwa siku kadhaa, kwa kuogopa bandari isije ikafungwa na biashara ikaharibika. Siku hizo meli ziliendelea kung'oa nanga.

Lakini kosa kubwa lilikuwa la miaka ya nyuma. Hamburg walikunywa maji ya mto Elbe bila kuchujwa. Mji wa jirani, Altona, ulichota maji katika mto ule ule, tena upande wa chini ambako uchafu wa Hamburg umekwisha ingia, lakini Altona walikuwa wameyapitisha maji yao katika mchanga. Huko Hamburg, jambo la kuchuja maji lilikuwa limezungumzwa barazani miaka mingi, likabishaniwa kwa ajili ya gharama na nani alipe. Mitambo ilikuwa bado inajengwa maradhi yalipofika. Katika majuma machache walikufa watu zaidi ya 8,000, na wengi wao walikuwa wa mitaa ya maskini. Altona waliokufa walikuwa wachache sana. Ilikuwako njia moja ya mpakani, ambapo upande mmoja wa njia ulikufa na upande wa pili ukapona. Hewa ilikuwa moja, udongo mmoja. Tofauti ilikuwa bomba.

Daktari mkuu Robert Koch alikuja kutoka Berlin akaonyesha sababu wazi. Na nani waliozunguka nyumba kwa nyumba, ghorofa kwa ghorofa, wakigawa makaratasi ya kuwaambia watu wachemshe maji? Walikuwa wanachama wa chama cha wafanya kazi, ambacho wakubwa walikichukia. Mitambo ya kuchuja ilifunguliwa mwaka 1893, haraka sana baada ya mazishi.

Habari hiyo yatufundisha kwamba maafa ya mwaka 1892 yalipangwa katika mikutano ya kawaida kabisa, ambayo hakuna aliyepiga kelele, ambapo diwani alisimama akasema, "Bwana Mwenyekiti, naomba jambo la maji liahirishwe mpaka mkutano ujao."

MIKUTANO YA SIMU NA KURA ZA SIMU

Wengine husema, "Siku za maradhi hakuna nafasi ya maneno. Mwacheni mtu mmoja aamuru." Twalijua neno hili. Tumelisikia kwa waajiri kila mara tunapotaka kukaa mezani. Kweli, nyumba ikiwaka moto hatuiti mkutano. Lakini maradhi si moto wa usiku mmoja. Yanakaa miezi na miaka, na katika miezi hiyo fedha zinatumika kila siku. Atumiaye fedha za watu bila kuulizwa kwa miezi kumi na tisa, hataki tena kuulizwa mwezi wa ishirini.

Wengine husema, "Basi tukutane kwa mashine, kila diwani nyumbani kwake." Hatupingi. Ni afadhali kuliko kufunga. Kifungu cha 196 cha Katiba kinataka bunge la kaunti lifanye shughuli zake waziwazi, mbele ya watu, na liwashirikishe wananchi. Katiba haikusema lazima watu wakae kwenye benchi. Lakini mkutano wa mashine una hatari zake, na Nairobi tumeziona. Tarehe 3 Desemba 2020 madiwani walipiga kura ya kumwondoa gavana, na wengi walishiriki kwa njia ya mtandao. Kura 88 zilihesabiwa kumwondoa. Gavana naye akawaonyesha madiwani wengi aliokuwa nao Kwale, akadai kwamba kura za baadhi yao zimepigwa na wengine. Seneti ilimwondoa tarehe 17 Desemba, na kesi yake ilishindwa mpaka Mahakama ya Juu mwaka 2022. Mahakama imekwisha sema, nasi hatusemi tena. Lakini mji mzima ulibaki ukibishana juu ya jambo ambalo halikupasa kubishaniwa, yaani nani alikuwapo na nani alisema ndiyo. Katika mkutano wa tawi letu la chini kabisa, mtu huinua mkono na wenzake wanamwona. Basi diwani akipiga kura kwa simu, aitwe jina lake, aonekane uso, aseme kwa sauti, na jina lake liandikwe.

Tena tukumbuke kwamba mashine hula bundle, na bundle hununuliwa. Mama wa Marikiti hawezi kuuza nusu gunia la kabichi apate kusikiliza bajeti saa tatu. Asomewe kwa radio, kwa lugha anayoielewa. Abandikiwe karatasi mlangoni pa soko na penye kisima, mahali ambapo atapita hata siku za maradhi.

NA SISI WENYEWE

Haifai kunyooshea wengine kidole tukasahau vinne vinavyotuelekea. Matawi yetu mangapi yalifunga ofisi mwaka 2020 na kuandika mlangoni "Mpaka tutakapotangaza"? Ada ya chama iliendelea kukatwa katika mshahara kila mwezi. Hiyo haikupata ugonjwa. Lakini mikutano ilikoma, na wanachama wengi walipokea habari za kazi yao kwa uvumi. Tena ilipokuja Kazi Mtaani, vijana wakaajiriwa kusafisha mitaa, na katika awamu ya pili walilipwa shilingi 455 kwa siku, wengi wetu tuliwatazama kama maadui waliokuja kuchukua ufagio wetu. Ilikuwa makosa. Walikuwa watoto wetu wenye njaa. Yatupasa tungewaandikisha katika chama, tukadai glavu zao pamoja na zetu, na kuuliza kwa nini kazi ya kudumu ya mji ilifanywa kwa kibarua cha siku. Chama kinachongoja maradhi yapite ndipo kifungue mlango, hakina haki ya kulilaumu baraza lililofanya vivyo hivyo.

TUNAYOTAKA

Kwa hiyo twaleta mashauri haya mbele ya matawi yote, yazungumzwe, yaongezwe, kisha yapelekwe kwa kila kaunti na kila mji kabla ya bajeti ijayo:

1. Kila baraza liandike mapema, wakati wa salama, orodha ya kazi zisizosimama: maji, taka, vyoo vya umma, hospitali, makaburi, masoko ya chakula, na mishahara. Orodha hiyo ibandikwe watu waione.

2. Liandike pia orodha ya mambo yanayosimama maradhi yakitangazwa: ubomoaji wa nyumba, ufukuzaji wa wachuuzi, na kupandisha ada. Asiwepo mtu wa kubomolewa nyumba wakati anapoamriwa kukaa ndani yake.

3. Vyombo vya kujikinga na bima ya wafanya kazi wa kazi zisizosimama viwe na fungu lao katika bajeti, na mjumbe wa wafanya kazi aone vitabu vya stoo.

4. Nauli na ulinzi wa wanaokwenda kazini wakati wa kafyu viwe juu ya mwajiri.

5. Bajeti isipitishwe gizani. Mkutano ukifanywa kwa mtandao, usomwe kwa radio, karatasi zibandikwe mitaani, na kura ya kila diwani ipigwe kwa jina na kwa sauti.

6. Amri yoyote ya dharura iwe na tarehe ya mwisho. Tarehe ikifika, baraza likutane liulizwe upya, mbele ya watu.

7. Kazi za watu zisihamishwe kutoka mwajiri mmoja kwenda mwingine katikati ya maradhi bila mkataba ulioandikwa na chama kuuona.

Mashauri haya hayana gharama kubwa. La kwanza na la pili hugharimu karatasi mbili na kalamu. La tano hugharimu diwani kutaja jina lake. Mtu akikataa kutaja jina lake, mji utajua sababu.

Ndugu, karatasi hii itakapokufikia, uisome pamoja na wenzako wakati wa chai, kisha umpe yule asiyeipata. Katika mkutano wa tawi wa mwezi huu, kila mmoja alete jambo moja aliloliona katika mji wake mwaka 2020: lililofanywa haraka, au lililocheleweshwa. Katibu aandike. Tukiyakusanya, tutakuwa na kitabu ambacho hakuna baraza lililokiandika, na siku maradhi yakibisha hodi tena, tutakwenda nacho mezani.

Umoja ni nguvu.